Kwa Nini Nyota Inayolipuka Haina Jina

Wakati huo mbingu ilikuwa jirani. Nyota zilikaa juu kidogo tu ya migomba, na mtu akipanda juu ya paa la nyumba yake aliweza kuzungumza nazo bila kupaza sauti. Kila ukoo ulikuwa na nyota yake. Nazo zilizeeka na kufa kama watu, ila kufa kwao kulikuwa kulipuka. Kabla ya ule mwanga mkubwa ambao hata mvivu aliyelala chali aliuona, nyota ilitoa kwanza mwanga mdogo wa buluu, wa kufumba na kufumbua. Ndani ya mwanga huo ililitaja jina lake la ndani, mara moja tu. Aliyekuwa akiitazama ndiye aliyelisikia, na mtoto wa kwanza kuzaliwa baada ya hapo katika ukoo ule alipewa jina hilo.

Namkunda, mkulima wa mboga huko milimani, ndiye aliyepewa kazi ya kuitazama nyota ya ukoo wao. Ilikuwa nyota kongwe, imevimba na kuwa nyekundu, na joto lake lilishuka mpaka shambani. Namkunda aliiita Bibi, nayo ilimwita mwanangu. Binti yake, Nakiete, alikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya mbili zilizoharibika. Nakiete alikuwa ameshasema kwamba mtoto huyu, akikubali kuishi, atabeba jina la Bibi na si jingine. Kila asubuhi alimuuliza mama yake kama Bibi bado yupo.

Asubuhi moja Bibi alimwita Namkunda juu ya paa.

"Sina siku nyingi," akamwambia. "Usiende mbali nami, mwanangu. Kufa siogopi. Naogopa kufa bila kusikiwa."

Namkunda akaapa, na asisingiziwe, aliapa kwa moyo wake wote. Lakini adhuhuri alipopita kwenye kitalu chake alikuta miche ya mnavu imelala chini kwa joto la Bibi. Mnavu huo ndio aliokuwa akiuotesha kwa ajili ya Nakiete, ale akishajifungua. Akaona aweke kivuli kidogo tu, mpaka mchana upite. Akawasha moto, akatupia majani mabichi ya mgomba, na moshi ukapanda ukatanda kati ya shamba na Bibi. Majirani waliokuwa na shida ileile walipoona, nao wakawasha yao, bonde kwa bonde, mpaka moshi wote ukaungana.

Miche ikaanza kuinuka. Namkunda akainama kuimwagilia, akijiambia kwamba akimaliza safu hii atapanda juu ya paa. Akaimaliza, akaanza nyingine. Ndipo moshi wote ukageuka mweupe, shamba likang'aa, na kibuyu cha maji kikamponyoka mkononi. Alijua palepale. Mwanga mkubwa hauji kwanza.

Alipanda paa mbiombio akaupepea moshi kwa ungo mpaka mikono ikafa ganzi.

"Bibi, rudia," akasema. "Rudia mara moja tu."

Mwanga ule uliwaka kwa siku nyingi, mzuri ajabu, na haukusema neno.

Mwezi uliofuata Nakiete alijifungua salama, mtoto wa kike. Alimleta kwa mama yake na kuuliza jina. Namkunda akampokea mtoto, akamtazama sana, akasema hakulisikia. Nakiete hakumgombeza. Alimchukua mwanawe akarudi ndani, na mtoto akaitwa jina la kuokota. Namkunda alijuta mpaka siku ya kufa kwake.

Nyota nyingine zilipoona mwenzao amekufa nyuma ya moshi, zilihama. Zilikwenda mbali mno, hata mwanga wao huchukua miaka na miaka kutufikia. Moshi nao haukuondoka. Ulichujika ukawa hewa na mawingu haya yaliyo juu yetu.

Na tangu siku hiyo, nyota ikilipuka haina jina. Wataalamu huiandikia mwaka ilipoonekana na herufi chache, basi. Lakini wajukuu wa Namkunda hawajaacha kutafuta. Wametengeneza darubini wakazipeleka juu, nje kabisa ya ule moshi, zikatazame kwa niaba yetu. Mojawapo ikiuona mwanga wa kwanza hupiga mbiu, na nyingine hugeukia huko upesi, kama ndugu walioitwa kwa mgonjwa. Siku hizi huwahi kuliko Namkunda. Huupokea mwanga, huupima, huuandika wote. Ila nyota yenyewe huwa imekwisha kufa zamani sana, na hakuna wa kuiambia kwamba safari hii tulikuwa tunatazama.