Muhuri wa Wiki Nane

Kulikuwa na binti mmoja, ndugu zangu, aliyesomea mambo ya maabara chuo kikuu. Mwaka wa mwisho akatakiwa aende fildi wiki nane, akajifunze kazi kwa mikono. Mama yake akamwendea kaka yake, mkuu wa maabara ya hospitali. "Kaka, mtoto amechoka. Si umgongee tu muhuri apumzike?" Mjomba mtu, tena mtu mwema, akajaza kitabu kizima cha fildi kwa siku moja: amefanya vizuri sana. Muhuri, paa! Binti akalala wiki nane nyumbani. Nani kati yetu angemnyima dada yake?

Miaka miwili ikapita. Mjomba akastaafu, mtoto wa jicho akamfunika macho yote mawili. Binti akapata ajira. Jumamosi moja mchana, zamu yake ya kwanza peke yake, daktari akasukuma mlango.

"Mzazi anavuja damu! Pima kundi lake, nataka damu sasa hivi!"

Binti akasoma jina kwenye kichupa cha damu. Ni binamu yake, mtoto wa mjomba! Kwenye karatasi alifaulu vizuri. Lakini mikono? Aliogopa, aliogopa mno. Mjomba, aliyekuja na mwanawe hospitali, naye alishafika dirishani, anapapasa nondo.

"Harakisha, mwanangu!"

"Mjomba, sijui naanzia wapi."

"Hujui? Kwani fildi ulifundishwa ni..." Akaukumbuka muhuri wake.

Akaanza upya. "Tone la damu kwenye kigae. Sasa dawa ya bluu. Changanya. Unaona damu ikishikana chengachenga?"

"Sina hakika."

"Rudia, mama. Rudia."

Wiki nane akazifundisha kupitia dirisha, mwanawe akivuja damu chumba cha pili.

Alipona. Semeni amina. Lakini alipona kwa sababu baba yake alikuwa pale dirishani. Mgonjwa wa kesho yake je, asiye na baba maabara?

Tunalalamika kwamba vijana wa vyuo hawajui kazi. Nani aliwaambia wakalale? Ni sisi, kwa huruma zetu! Humu ndani wapo wenye barua za fildi mezani, na Jumatatu shemeji atapiga simu. Kabla hujanyanyua muhuri, mtazame huyo kijana vizuri. Iko siku utamletea mwanao.