Msuko wa Mgeni Haufumuliwi Machoni Pake

Msuko wa mgeni haufumuliwi machoni pake. Naona mnatazamana. Mmenisikia nikimwambia hivyo Rukia alipokuwa akizikunja upya nguo alizozikunja mke mpya wa kaka yake, na mwenyewe kasimama pale pale anatazama. Sasa mnataka kujua maneno haya yametoka wapi. Hayakutoka mbali, wala si ya zama za kale kama mnavyodhani kila ninachokijua mimi. Nilikuwapo yalipozaliwa, na chanzo chake ni hiki.

Wifi yangu, Bi Mwanashehe, ninyi mnamjua kwa jina tu. Alikuwa msukaji wa mikeka, na sisemi msukaji wa kupotezea wakati. Alikuwa na nakshi moja, ikiitwa unyayo wa kanga, aliyofundishwa na mama yake, na upande wetu wote hakubaki aliyeijua ila yeye. Binti zake wawili hawakuitaka. Mmoja alisema ukindu unamchuna vidole. Wa pili alikwenda zake mjini. Kisha vidole vya wifi mwenyewe vikaanza kukaza. Asubuhi ilimbidi aviloweke katika maji ya moto ndipo vikunjike. Alijua kwamba asipompata mtu wa kumrithisha upesi, nakshi ile imekwisha, na jambo hilo lilimnyima raha kuliko maradhi yenyewe.

Basi yakatangazwa maonyesho ya kazi za mikono Tanga mjini, na kila banda likatakiwa liwaachie watu wajaribu kazi wenyewe. Mafundi wengine walinung'unika. Wifi alifurahi. Katika halaiki ile, alisema, haukosi mkono mmoja. Tukaenda, yeye na ukindu wake, mimi na mdomo wangu, maana kazi yangu ilikuwa kuita watu.

"Karibuni mjaribu kusuka! Kujaribu si kuposa!"

Wakaja wakicheka, wakakaa, wakashika ukindu. Shida ikawa wifi mwenyewe. Mtu akimaliza kusuka kipande chake cha ukili, ule utepe unaoshonwa ukawa mkeka, wifi hukichukua, akakitazama, kisha akakifumua pale pale, mwenyewe hata hajainuka. Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo alivyolelewa: kosa la ukili halilazwi, likilala huzaa. Ila mama yake alikuwa akimfundisha mwanawe uani kwake, hakuwa akimkaribisha mpita njia mbele za watu. Wale wageni walitabasamu, wakaaga, na hawakurudi.

Siku ya kufunga akaja mwanamke kijana, jina lake Atuganile. Kwao ni Tukuyu, ameolewa Muheza, na alikuwa akimsaidia mama mkwe wake katika banda la iliki na mdalasini. Kwao walisuka vikapu vya mianzi, na vidole vyake vilijua kazi, hata mimi nisiyejua kitu niliona. Aliutazama mkono wa wifi kidogo tu, akaanza. Lakini mwanzi hutaka kuvutwa, na ukindu hutaka kubembelezwa. Yeye akauvuta, ukili ukajipinda kama ganda la chungwa.

Wifi aliuona ule mkono. Najua aliuona, maana alinikanyaga mguu. Kisha mazoea yakamshinda. Akauchukua ukili, akaufumua wote huku watu wakitazama.

"Umevuta mno, mwanangu. Anza tena."

Ukindu uliokwisha kukunjwa haurudi ukawa mpya. Ulilala mapajani mwa yule binti umejaa makunyanzi. Akauweka chini taratibu.

"Ahsante, mama," akasema, akaondoka.

Wifi akabaki anaangaza macho. "Anakwenda wapi?"

"Ulikomfukuzia," nikamjibu, kwa kuwa nilikuwa nimekasirika.

"Nimemrekebisha tu."

"Wifi, umefumua ukili au umemfumua mtu?"

Wifi alilitazama banda lilivyo tupu, akakusanya ukindu kwapani akainuka. Nikamfuata mbio, maana tangu aolewe na kaka yangu sikupata kumsikia akiomba radhi kwa mtu.

Hakuomba. Alifika kwenye banda la iliki, akamwamkua mama mkwe, akakaa juu ya debe lililopinduliwa.

"Nifundishe kikapu cha kwenu," akamwambia Atuganile.

Binti akamtazama mama mkwe wake, naye akaitikia kwa kichwa.

"Hapa hatuna mianzi, mama."

"Ukindu tunao."

Akamfundisha. Na wifi, fundi wa mafundi, na vidole vile vilivyokaza, akapotea mapema sana. Alichokisuka hata kuku asingekubali kutagia. Akakitoa mbele, akangoja kifumuliwe. Atuganile akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya meza, karibu na iliki.

"Mbona hukifumui?"

"Nitakifumua ukishaondoka, mama."

"Kwa nini si sasa?"

"Kwa sababu sasa hivi bado unakipenda."

Wifi alicheka, akacheka, hadi kicheko kikageuka. Akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Na mimi nilikifumua chako ungali unakipenda."

"Ndiyo, mama."

"Nisamehe, mwanangu."

"Yamekwisha." Kisha Atuganile akasogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini ule ukili, kweli niliuvuta mno?"

"Uliuvuta mno."

"Basi nionyeshe."

Mimi hapo ndipo nilipopumua. Tukarudi bandani, nikapaza sauti upya, na watu wakaja tena. Walisuka vioja. Wifi alivipokea kimoja kimoja, akishukuru, kisha akaikalia mikono yake isimponyoke. Wa mwisho alipokwisha kwenda zake, yeye na Atuganile wakakaa chini kufumua, na kila kosa walilolifikia wifi alimweleza mkono umekosea wapi. Binti alikuwa akiuliza haraka kuliko wifi alivyoweza kujibu. Watu walipoanza kufunga mabanda, akasimama, akakung'uta gauni.

"Nije lini kuanza huo unyayo wa kanga?"

Wifi alianza kufuta macho tena kwa ncha ya khanga. Nikamjibu mimi.

"Kesho asubuhi. Nitakuelekeza nyumbani kwake."

Akaja, na hakuacha kuja mpaka nakshi ikamkaa vidoleni, na tangu siku ile wifi akawa anatuonya kwa maneno haya. Kwa hiyo, Rukia, sikukuambia nguo zibaki na mikunjo. Kosa litarekebishwa, tena lazima lirekebishwe. Lakini mwache mwenzako kwanza aifurahie kazi ya mkono wake, ili kesho atake mwenyewe kukuuliza ilivyo. Ukimwahi, utabaki na nguo zilizokunjwa vizuri na mtu aliyekwenda zake. Msuko wa mgeni haufumuliwi machoni pake.