Nguzo Iliyopungua Vidole Vinne

Ninyi mliopanda ngazi mia moja na arobaini kuja hapa mmeniuliza kwa nini nguzo moja ya hekalu letu la Kishinto ni fupi, hata ikabidi ikalie jiwe. Nitawaeleza kwa utaratibu, ingawa habari yenyewe hainipi fahari.

Hapo awali nguzo zote nne zililingana. Kila baada ya miaka ishirini hekalu lilibomolewa na kujengwa upya, na kamba takatifu ya langoni ilisukwa na mzee Yasuke, ambaye hakuwa na heshima nyingine duniani. Katika ujenzi mmoja alimshikia fundi mkuu, Genzo, ncha ya kamba ya kupimia. Nguzo tatu zilikatwa siku ya kwanza. Asubuhi iliyofuata kuhani alivitakasa vifaa vyote kwa maji ya chemchemi, kamba ikiwemo, ndipo nguzo ya nne ikapimwa na kukatwa. Iliposimamishwa, ilipungua vidole vinne.

"Yasuke! Ulilegeza kamba," Genzo alifoka mbele ya kijiji kizima. "Au ulikuwa umesinzia, mzee?"

Watu wakacheka.

"Kamba ililowa, Fundi. Katani ikilowa hufupika."

"Haya, leo msuka kamba ananifundisha kupima!"

Wakacheka tena. Jiwe likawekwa chini ya nguzo, na Yasuke akanyang'anywa kazi ya kusuka kamba takatifu. Sherehe tatu za mwaka zilipita akiwa amesimama nje ya lango, akiitazama kamba iliyosukwa na wengine.

Mwaka wa nne mvua ilimkuta Genzo akipima gogo lenye urefu wa nguzo. Kamba ilipokauka alipima tena. Tofauti ilikuwa vidole vinne. Akarudia mara tatu, jibu likawa lile lile.

Alimwendea Yasuke nyumbani na mtungi wa pombe ya mchele, akaomba radhi.

"Hukunitukana humu ndani, Fundi," mzee alisema, bila kuugusa mtungi.

Siku ya sherehe Genzo alipiga magoti langoni, paji la uso likigusa changarawe, akatamka, "Kosa lilikuwa langu." Hakuna aliyecheka; wote walitazama miguu yao. Yasuke akapita lango, akaishika kamba takatifu na kuanza kuikaza ilipolegea.

Na tangu siku hiyo, kila mara hekalu linapojengwa upya, nguzo ya nne hukatwa fupi kwa vidole vinne, na fundi mkuu hupiga magoti na kuyatamka maneno hayo. Nimehesabu: mara kumi na moja. Wa mwisho alikuwa kaka yangu, maana Genzo ni wa ukoo wetu. Miaka mia mbili na ishirini baada ya nguzo ile, nami nilitazama miguu yangu.