Bamia za Maji ya Kutupwa

Palikuwa na Sultani wa Kikavuni, jina lake Ngwali, aliyependa mawaridi kuliko watu waliomchotea maji ya kuyamwagilia. Mji mzima ulikuwa na kisima kimoja. Mvua ilipokosekana mwaka wa pili mfululizo, akapiga mbiu: maji ya kisima ni ya kunywa, kupikia, kuoga na kunyweshea mawaridi ya Sultani. Atakayemwagia mmea mwingine, kiwanja chake kinachukuliwa.

Siku hiyo Mize binti Shomvi, mjane mwenye watoto wanne na mama mkwe mmoja, alikuwa anaosha mchele. Mikono ilikuwa ndani ya bakuli wakati jirani yake Mwanakombo alipoingia bila hodi.

"Shoga, askari wanakuja kwako. Sultani amesikia una bamia."

"Bamia zangu zimemtukana?"

"Mawaridi yake yamekufa, bamia zako ziko hai. Kwake hilo ni tusi."

Mize aliumaliza mchele wake kwanza. Kisha akayabeba yale maji meupe akayamimina kwenye mtungi uliozikwa hadi shingoni katikati ya bamia. Bustani yake iliishi hivyo. Mitungi ilikuwa ya kuokota, ile yenye midomo iliyovunjika ambayo hakuna anayeinunua, lakini matumbo mazima. Udongo wake ulivuja jasho polepole chini kwa chini, na mizizi ikalifuata jasho hilo. Juu ya ardhi alitandaza makumbi ya nazi ili jua lisipate cha kunywa. Maji ya mchele, maji ya vyombo, maji aliyomwogeshea kitinda mimba wake, yote yaliishia mtungini. Mtunza mawaridi wa Sultani, kwa upande wake, alimwaga ndoo hamsini kila adhuhuri, juu ya majani, na jua likazinywa zote kabla hajarudi kivulini.

Askari walimfikisha mbele ya Sultani. Kadhi alikuwepo, na kalamu yake.

"Unaiba maji yangu," Sultani alisema.

"Nilioshea mchele, Bwana wangu. Mbiu yako imeruhusu kupika. Haikusema baada ya kuosha mchele niyanywe."

Kadhi alikohoa. Sultani hakupenda kikohozi kile. Tena, alikuwa ameshakipangia kiwanja cha Mize banda la farasi, kwa hiyo akatafuta njia nyingine.

"Unajiona fundi. Basi nakupa siku arobaini. Bustani yangu iwe kijani. Usitumie hata tone la maji ya kisima, wala hazina yangu isitoe hata pesa moja. Ukishindwa, kiwanja ni changu."

Mize aliwafikiria watu sita ambao wangelala nje, na yeye akiwa mmoja wao. Akauliza kama anaweza kupewa kitu kimoja tu: kila kinachotupwa na jumba la Sultani. Sultani alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Akamwambia achukue takataka zote, na kadhi akaandika hivyo.

Siku ya kwanza Mize aling'oa mawaridi yaliyokufa. Siku ya pili alichimba mfereji kutoka bafuni, maana Sultani alikuwa na desturi ya kuoga mara tatu kwa siku, mji ukiwa na kiu. Jikoni walikuwa wakitupa makumbi kwa magunia, na mitungi iliyopasuka midomo ilijaa nyuma ya ghala. Akazika, akatandaza, akapanda bamia, kunde na mchicha, na ukingoni mishubiri isiyodai kitu. Mawaridi matatu yaliyobaki na uhai aliyahamishia kivulini karibu na mfereji. Kila jioni alirudi nyumbani na mgongo unaouma, na mama mkwe akamuuliza kama mboga ya kesho ipo.

Siku ya arobaini bustani ilikuwa kijani mpaka ukutani. Sultani akaagiza chakula cha jioni kiliwe humo humo, Mize apike, na hukumu itolewe mbele ya watu. Mize alikuja na watoto wote na mama mkwe. Kama ni kufukuzwa, alimwambia Mwanakombo, afadhali tufukuzwe tumeshiba.

Sultani alikaa, akaitazama bustani kwa uchungu.

"Maji haya umeyatoa wapi?"

"Bafuni kwako, Bwana wangu. Yalishatupwa."

"Na bafuni yalitoka wapi?"

"Kisimani."

"Basi ni maji ya kisima. Kitu hubaki vile kilivyokuwa kilipotoka, hata kipite wapi. Kadhi, andika."

Kadhi alimtazama Mize, akaandika. Sultani akapiga muhuri.

"Kiwanja ni changu. Sasa pakua, nina njaa."

Mize akachukua upawa. Akampakulia kadhi, mawaziri watatu, askari sita, mama mkwe, na watoto wanne mmoja mmoja, akiwahesabu kwa majina kama alivyofanya kila jioni. Wote walikuwepo. Kila mmoja alikuwa na wali na bamia mbele yake, isipokuwa Sultani, ambaye sahani yake ilikuwa nyeupe.

"Na mimi?"

"Wewe una wali wako, Bwana wangu. Jana ulikula sahani tatu."

"Ule nilishaula."

"Ulitoka jikoni?"

"Ulitoka jikoni, ndiyo."

"Basi bado ni wali, hata upite wapi. Muhuri wako haujakauka."

Kadhi aliinamia sahani yake, mabega yakimtetemeka. Mize akaufunika mchuzi usipoe.

"Nenda kauangalie, Bwana wangu, tunakusubiri. Ukikuta bado ni wali, ule, na kiwanja chukua. Ukikuta umegeuka, rudi. Bamia bado za moto."