Kilemba Kisichotoka Ghalani

Hapo zamani, watu walipokuwa wakilala na funguo chini ya mto, paliondokea katika mji wa Shangamu fukara mmoja aitwaye Shekue, mwenye kazi ya ajabu. Alikuwa akijaribu milango ya watu, na mmoja ukimfungukia hachukui kitu, humwita mwenye nyumba akamwambia, "Komeo lako bovu, bwana, litengeneze kabla hajaja mwingine." Badala ya shukrani alipata makofi. Na kweli, nani atamshukuru mtu aliyemkuta sebuleni kwake?

Kwa desturi ya mji ule, fundi akihitimu, mwalimu wake humfunga kilemba mbele ya watu, na tangu hapo kazi yake hukubaliwa. Mwalimu wa Shekue alifariki kabla ya siku hiyo, naye Shekue akabaki na ujuzi wote na kichwa wazi.

Ikawa siku moja alijaribu mlango wa Waziri Mwinshehe, ukafunguka. Waziri akamkamata, akampeleka kwa Sultani akitaka akatwe mkono. Shekue akajitetea kwamba hakuchukua kitu, kazi yake ni kuwasaidia watu. Sultani akamwuliza ni nani aliyemfunga kilemba, na Shekue akasema mwalimu wake alifariki kabla ya kumfunga.

Sultani alipenda mzaha, hasa ule unaowaumiza wengine. Akasema, "Kilemba changu cha zari kimo ghalani. Nakutuma ukalijaribu ghala langu, na Ijumaa kabla ya swala nikuone umekivaa. Usivunje kufuli, wala usimhonge mlinzi. Kikitoka nje ya ghala kwa mkono wako, huo ni wizi, na mkono nitaukata. Usipokivaa, nitaukata vilevile."

Baraza zima likacheka. Shekue akautazama mkono wake wa kulia, akauonea huruma. Waziri akaenda kumtafuta mnoa visu.

Alhamisi alasiri Shekue akafika ghalani, akapiga hodi. Walinzi walikuwa watu wenye adabu, na mtu aliyelelewa vyema akisikia hodi ulimi wake hujibu wenyewe. Wakamkaribisha. Akawaambia ametumwa na Sultani kulijaribu ghala, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, akazisifu kufuli zao mpaka wakavimba vichwa, wakamfungulia zote aone zinavyofanya kazi. Shekue akavua makubazi mlangoni kama mgeni yeyote, akaingia. Wale walipokuwa wakibishana ni kufuli ipi iliyo bora, akarudi polepole, akayatia makubazi kwapani, akajificha nyuma ya majamvi.

Adhana ikalia. Walinzi wakatazama kizingitini, viatu hakuna. Mgeni ambaye viatu vyake havipo si ameshakwenda zake? Basi wakafunga kufuli zote, wakaenda kuswali.

Ijumaa ikafika, Shekue haonekani. Waziri akasema ametoroka, asakwe. Sultani akajibu, "Kwanza nikavae, swala imekaribia." Na kile kilemba alikuwa akikichukua yeye mwenyewe kila Ijumaa, kwani hakumwamini mtu. Akaenda ghalani pamoja na Waziri na watu wa baraza, kufuli zikafunguliwa, na ndani wakamkuta Shekue ameketi kitako, kilemba cha zari kimemshuka hadi nyusini.

"Karibu, maulana," akasema Shekue. "Nimekivaa, nawe umeniona. Wala hakijatoka ghalani."

Waziri akapaza sauti kwamba mtu ajuaye hila za wezi ni mwizi.

"Kweli, Bwana Waziri, mimi na mwizi tunajua yaleyale," akasema Shekue. "Lakini mwizi asingekaa na njaa kumngoja mwenye mali, na tende za mwenyewe ziko pembeni."

Sultani akawatazama walinzi, akayaona makubazi kwapani mwa Shekue, akafahamu. Aibu ikamshika, kisha kicheko kikamzidi, akaegemea nguzo. Akanyoosha mkono atwae kilemba chake.

"Ukinivua, maulana, kesho nitakuwa mwizi tena," akasema Shekue. "Watu hawaulizi ninajua nini. Wanauliza nani anayenijua."

 Sultani akakifungua kile kilemba, akamfunga upya kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wote. Siku ile mji mzima ulimwona Sultani akienda msikitini na kofia tupu, na nyuma yake Shekue aking'aa kwa zari.

Tangu hapo wenye nyumba wakawa wakimwita wenyewe. Mlango wa Waziri tu ndio hakuugusa tena, mpaka Waziri alipokuja kumpigia hodi, viatu amevivua tangu njiani. Nami hekaya yangu naifunga hapa. Nanyi nendeni mkatazame makomeo yenu.