Ganda Lisilopondwa Bado Lina Njaa

Isome hii taratibu. Ukiimaliza mpelekee mwenzako, hasa yule mnayegombana naye kupitia ua.

Katika nchi ya milima mikavu, mahali ambapo mbuzi ni wengi kuliko watu, aliishi mwanamke mhunzi aitwaye Chesang. Mumewe alikuwa mbali na ng'ombe, kwenye malisho ya kiangazi. Nyumbani alibaki yeye na mtoto wao wa miezi kumi, Lotee, pamoja na mivukuto, nyundo na fuawe alivyoachiwa na marehemu mama mkwe wake.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza kengele. Alitengeneza za mbuzi, za ndama, na zile ndogo kabisa za watoto. Huko kwao mtoto akianza kusimama dede hufungwa kikengele mguuni, ili mama akiwa jikoni au shambani asikie mwanawe yuko wapi. Kikengele kikinyamaza, mama huacha kila kitu akakimbia. Na akina mama wengine nao husimama wakasikiliza, mpaka kilie tena.

Shaba ya kengele hizo ilitoka kwenye maganda ya risasi.

Kwa miaka mingi wezi wa mifugo walikuwa wakishuka kutoka mlimani na kupigana na askari wa akiba. Mapigano yakiisha, malisho hubaki yametapakaa maganda matupu. Wanawake wanaokwenda kuni waliyaokota, wakayafunga kwenye upindo wa shuka na kumletea Chesang. Risasi nzima hakuigusa. Alimwambia aliyeileta aipeleke kwa chifu siku hiyo hiyo. Lakini ganda tupu alilipokea. Na kabla ya kulitia kwenye debe lake, aliliweka juu ya fuawe, akalipiga nyundo moja ya nguvu mdomoni, mpaka mdomo ukabanana kama wa mtu aliyeonja ukwaju.

Mama mkwe wake ndiye aliyemwekea kanuni hiyo, siku alipomkabidhi nyundo. "Mwanangu," alimwambia, "ganda lisilopondwa bado lina njaa. Mtu akilijaza baruti, litakula mtoto wa mtu. Liponde kwanza, ndipo uliweke."

Upande wa pili wa ua wa miiba aliishi Mama Siwa, mwanamke wa makamo mwenye ulimi wa pilipili. Mlio wa nyundo ile hakuupenda hata kidogo.

"Wewe Mama Lotee!" alikuwa akipaza sauti. "Kuku wangu ameatamia mayai kumi na mawili, ametotoa mawili! Kumi yote yamekufa kwa nyundo yako!"

"Nisamehe, mama. Nimebakiza matatu tu."

"Matatu! Jana ulisema matatu, ukagonga mpaka jogoo akasahau kuwika."

Chesang alicheka kimya kimya, akaendelea na kazi.

Basi ukafika msimu wa hofu. Wezi kadhaa walikamatwa mlimani wakiwa na risasi ambazo hazikutoka kiwandani. Yalikuwa maganda ya zamani, yaliyookotwa na kujazwa baruti upya. Serikali ikatangaza msako wa silaha, akaletwa inspekta mgeni aitwaye Mwadime, mtu mrefu asiyecheka. Jumatatu alisimama mbele ya ofisi ya chifu akasema:

"Ijumaa saa nne asubuhi, kila bunduki, kila risasi na kila ganda viwe hapa mbele yangu. Baada ya hapo naingia nyumba kwa nyumba. Na huyo anayewapelekea wezi maganda, nitampata. Atakwenda ndani, wala hatatoka karibuni."

Watu wakatazamana. Kisha macho, jozi moja baada ya nyingine, yakamgeukia Chesang. Nani mwingine pale kijijini alikuwa na debe zima la maganda chini ya kitanda?

Siku zile Chesang hakugonga nyundo. Alimtazama Lotee akinyonya, akajiuliza: nikifungwa, huyu atanyonya kwa nani?

Alhamisi asubuhi Mama Siwa aliingia bila hodi.

"Niazime jiwe lako la kusagia."

"Lako limefanya nini, mama?"

"Limechoka. Kwani mawe hayachoki?" Akaliona debe katikati ya chumba. "Na hilo unalipeleka wapi?"

"Nafikiria nilitupe chooni," Chesang akasema, machozi yakimlenga.

"Chooni watu hutupa uchafu. Wewe una uchafu gani?"

Akajitwika jiwe la watu, akaondoka bila kuaga. Lakini neno lile lilibaki chumbani. Chesang akaamua kwamba kesho atalipeleka debe mwenyewe, mchana kweupe, kwa njia kuu.

Ijumaa ikafika. Alimfunga Lotee mgongoni, akajitwika debe, akashika njia. Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Alipofika nusu ya safari, shavu la mtoto lililolala mgongoni mwake likawa la moto, naye akashtuka, akampapasa. Lilikuwa joto la jua tu. Lakini joto lile lilimkumbusha kitu, akasimama ghafla mpaka debe likayumba.

Wiki tatu nyuma Lotee alipata homa kali. Asubuhi ile ile wanawake wa kuni walikuwa wamemletea fungu la maganda. Alikuwa amelishika mkononi, nyundo iko tayari, mtoto akaanza kukakamaa kwa degedege. Akalitupa fungu ndani ya debe, akamwomba Mama Siwa amwangalizie nyumba, akakimbia zahanati. Alikaa huko siku tatu. Aliporudi alikuwa na mtoto mzima mikononi, na furaha ilimfutia kila kitu kichwani.

Fungu lile hakuliponda. Lilikuwa humo debeni, midomo wazi, juu ya kichwa chake.

Kando ya njia kulikuwa na kichaka. Angeweza kuchutama, kuyachambua na kuyatupa humo. Hakuna aliyekuwa akimwona. Alikitazama kichaka kile kwa muda. Kisha akamfikiria mtu atakayepita kesho na kuyaokota, na mtoto wa mtu atakayeliwa nayo.

"Mungu nisaidie," akasema, akaendelea kutembea.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Bunduki chache kuukuu zililala juu ya turubai. Chesang alipotua debe lake, shingo zilirefuka.

"Ndiye huyo, afande," mtu mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kusikika.

Inspekta Mwadime akalitazama debe, akamtazama na mwenyewe. "Haya yote unamuuzia nani?"

"Simuuzii mtu, afande. Natengeneza kengele."

"Kengele." Akamgeukia askari wake. "Mimina."

"Ngoja, afande!" Sauti ya Chesang ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Kabla hujamimina. Karibu yote humo nimeyaponda mdomo, hayawezi kujazwa tena. Lakini lipo fungu moja sikuliponda. Mtoto aliugua, nikasahau. Utalikuta humo. Nimeona nikuambie kabla hujaliona."

Chifu akafumba macho kama mtu aliyeumwa jino.

"Unajua maana ya ulichosema?" akauliza inspekta.

"Najua."

"Na mtoto huyo bado ananyonya?"

"Ananyonya, afande."

Inspekta alimwashiria askari kwa kichwa, naye akapindua debe. Maganda yakamwagika juu ya turubai kwa mlio mrefu. Lotee akaamka na kurusha miguu, kikengele chake kikalia. Chesang akamshusha, akamkumbatia kifuani, na kuushika mguu ule kwa kiganja ili kinyamaze.

Askari wawili walipiga magoti wakachambua. Inspekta mwenyewe alichutama, akachambua. Ganda baada ya ganda, walitazama mdomo, wakaweka kando. Jasho lilimtiririka Chesang mpaka kwenye kope, asithubutu kuondoa mkono mguuni mwa mtoto ajifute.

Hatimaye inspekta akainuka, akapangusa magoti.

"Mama, hapa hakuna hata moja lililo wazi."

"Hapana, afande, lazima yapo. Tafuteni vizuri."

Chifu akashindwa kuvumilia. "Mama Lotee! Mtu akikuambia huna kosa, sema ahsante!"

Watu wakacheka, kicheko cha kuogopa ogopa. Inspekta hakucheka. Alikuwa ameokota maganda mawili, moja kila mkono, akiyageuza kwenye jua.

"Hili limepigwa nyundo," akasema. "Limelala bapa, safi. Lakini hili limepondwa na kitu kingine. Lina mikwaruzo, na unga wa jiwe umekwama ndani yake. Na mengine kama haya yapo mengi. Nani aliyaponda?"

Chesang alilitazama ganda lile asielewe kitu.

"Sasa mnasubiri nini, niote mbawa?" sauti ikatoka nyuma ya watu. Ilikuwa ya Mama Siwa. Akajipenyeza mpaka mbele, mikono kiunoni.

"Aliniachia nyumba akakimbia na mtoto. Nikaingia kufagia, nikayaona juu juu ndani ya debe, midomo wazi. Na huyu kila mwanamke anayemletea maganda humwimbia wimbo ule ule, nami nausikia kupitia ua: ganda lisilopondwa bado lina njaa, ganda lisilopondwa bado lina njaa! Nilijua akirudi akili yake yote itakuwa kwa mtoto tu. Nyundo yake siiwezi, vidole vyangu vina baridi yabisi. Nikayapeleka kwangu, nikayaponda kwa jiwe langu la kusagia, nikayarudisha. Jiwe likaingia ufa, na juzi likapasuka vipande viwili. Nimemaliza."

Chesang akakumbuka jiwe lililochoka.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulirudi na mtoto mzima. Ningekuambia habari gani kubwa kuliko hiyo? Tena ungelia, nami sipendi kelele."

Chesang akalia vile vile. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, na mkono uliokuwa umebana mguu wa Lotee ukaachia. Kikengele kikalia, tii, tii, tii. Akina mama wote uwanjani wakashusha pumzi kwa pamoja, kama wafanyavyo kila mtoto aliyenyamaza anaposikika tena.

Inspekta Mwadime akavua kofia, akajifuta paji la uso. Kumbe naye alikuwa akitoka jasho.

"Anayewauzia wezi haharibu bidhaa yake," akawaambia watu. "Wala haji kujishtaki mwenyewe na mtoto mgongoni. Huyo ninayemtafuta, nitamtafuta kwingine." Kisha akamwelekea Chesang, akainama kidogo. "Mama, kuanzia leo kila ganda litakaloletwa hapa, wewe utalifunga mdomo mbele ya watu wote. Likishafungwa ni lako. Katengeneze kengele."

Jioni ile, kabla jua halijazama, majirani wawili walirudi kwa njia moja. Mama Siwa ndiye aliyembeba Lotee, akilalamika kwamba ni mzito kama gunia la mtama, na akikataa kumrudisha.

"Lile jiwe langu baki nalo, mama," akasema Chesang.

"Na wewe utasagia wapi?"

"Nitakuja kusagia kwako."

Mama Siwa akafikiri hatua tatu nne. "Uje asubuhi basi. Kabla hujaanza kugonga."

Kengele ya kwanza aliyoitengeneza Chesang baada ya siku ile ilikuwa ndogo kama punje ya mahindi, naye aliitengeneza kwa yale maganda yenye mikwaruzo. Akaitia uzi mwekundu, akaivusha ua, akamfunga mguuni yule kuku wa Mama Siwa, ili asipotee vichakani na mayai yake.

Kesho yake asubuhi kijiji kizima kilisikia: "Mama Loteee! Sasa hata kuku wangu anapiga kelele!"

Lakini Mama Siwa hakuifungua kengele ile mpaka kuku alipozeeka.

Funzo: Sema ukweli wako kabla hujaulizwa, maana hujui ni jirani gani, hata yule mwenye ulimi mkali, amekwisha kuyaziba kimya kimya makosa uliyoyasahau.