Askari Wasioambiwa "Basi"

Wewe uliyepokea hadithi hii, isome yote, kisha mpelekee mzazi mwenzio.

Katika milima ya Upare aliishi mkulima wa tangawizi aitwaye Nakundwa. Mwanawe wa kwanza, Mbonea, alizaliwa mnene na mwenye sauti. Lakini kabla hajajua kukaa, alianza kuharisha. Ngozi yake ikajaa vipele, ikachanika, ikatoa maji. Alinyonya, na alichonyonya hakikukaa tumboni.

"Mtoto hana kinga huyo," walisema majirani. "Mwongezeeni nguvu."

Mumewe, Elirehema, akaleta matone ya vitamini. Mama mkwe, Bi Namkunda, akachemsha mizizi. Nakundwa alimnywesha mtoto vyote, na kila alipombadilisha nguo aliona mbavu zimezidi kujitokeza.

Alikuwa na hofu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Kwao, wadogo zake wawili wa kiume walikufa wachanga, wakiharisha vivyo hivyo, na vipele vivyo hivyo. Watu walisema nyumba ile ina laana. Alipoolewa akafunga mdomo, asije akarudishwa kwao.

Hali ilipokuwa mbaya wakaenda hospitali kubwa mjini. Daktari Zubeda alimpima mtoto pole pole, kisha akamgeukia mama.

"Mama Mbonea, kwenu wapo watoto wa kiume waliokufa wakiwa wachanga?"

"Hakuna," Elirehema akajibu upesi. "Kwao wote wana afya njema."

Daktari hakumwangalia. Aliendelea kumtazama Nakundwa. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale, goti kwa goti naye.

"Wapo," akasema. "Wadogo zangu wawili."

"Na hukutuambia?" Bi Namkunda akauliza.

Daktari akachukua damu ya mtoto ikapimwe.

Majibu yalikawia. Siku zile Bi Namkunda hakumsemesha mkwewe, na Nakundwa hakujua atapoteza nini kwanza, mtoto au ndoa.

Hatimaye daktari akawaita.

"Ndani ya mwili wetu kuna maagizo tuliyorithi, yanaitwa vinasaba," alisema. "Zipo protini ambazo kazi yake ni kushika vinasaba mahali maalumu, zikawasha agizo hili na kuzima lile. Kinga ya mwili ni kama jeshi, na mojawapo ya protini hizo hutengeneza askari wa kuwatuliza askari wenzao. Ya Mbonea ina kasoro, haishiki inavyotakiwa; kasoro hii mama huweza kuibeba bila kuugua, akamrithisha mtoto wa kiume. Kinga yake imekosa wa kuiambia basi. Inashambulia utumbo wake na ngozi yake mwenyewe."

"Kwa hiyo hana kinga?" Elirehema akauliza.

"Anayo, tena kali mno. Ndiyo inayomla. Nataka kumpa dawa ya kuipunguzia makali."

Elirehema akasimama. "Daktari! Mtoto amebaki mifupa, nawe unataka kumvua ngao?"

"Hofu yako ni ya haki, baba. Akipata homa itabidi mumlete mbio. Sikufichi, dawa hii ina hatari yake. Lakini tukimwacha hivi hatapona."

Nakundwa alimtazama mwanawe, macho yamedidimia, midomo imekauka.

"Wadogo zangu waliongezewa nguvu mpaka siku waliyozikwa," alisema. "Hakuna aliyejaribu kuwatuliza. Mpeni dawa."

"Nakundwa, fikiri kwanza!" mumewe akasema.

Hapo Bi Namkunda akafungua kinywa. Nakundwa akafumba macho, akijua sasa anafukuzwa.

"Elirehema, kaa chini," bibi akasema. "Huyu ameshazika wawili. Anajua anachokisema."

Mbonea akalazwa, akaanza dawa. Kila alipokohoa, mama aliruka. Kila alipolala sana, alimwekea kiganja puani asikie pumzi. Kisha kuharisha kukapungua. Vidonda vikakauka. Asubuhi moja mtoto akanyonya, akashiba, akajinyoosha, akalala bila kulia. Nakundwa akaangua kilio hadi wauguzi wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

Leo Mbonea anatembea. Bado anameza dawa, na madaktari bado wanatafuta namna ya kumponya kabisa. Mama yake bado hushtuka akimsikia akipiga chafya.

Mwaka huu mdogo wa kike wa Nakundwa alijifungua mtoto wa kiume. Nakundwa hakusubiri apelekewe habari. Alifunga safari akaenda, akamkuta mdogo wake akimficha mtoto kwa khanga.

"Ana vipele?" akauliza.

Mdogo wake akalia. "Dada, niliogopa mume wangu asije akajua."

"Na ajue," Nakundwa akasema. "Vaa viatu, twende hospitali."

Funzo: Kabla hujamwongezea mgonjwa nguvu, tafuta kwanza kinachomla, huenda ni nguvu zake mwenyewe zilizokosa wa kuziambia "basi", na huenda jibu lipo katika neno ambalo ukoo unaona aibu kulisema.